Mistari Mia Mbili na Kumi na Moja

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani na khanga doti mbili, kisha mkaniomba niwaandikie mambo ya kazini yatakayowafaa nyinyi mliobaki katika idara ya hesabu. Saa imeshakwama. Khanga nazivaa. Na maandishi ndiyo haya. Habari za vyeo na uhamisho nimeziacha, zimo kwenye faili, na kama hazimo basi mchwa wamezisoma kabla yenu. Nitawaeleza habari ya namba fulani, ya mwalimu aliyenifundisha kazi, na ya jambo nililomfanyia. Anayetafuta maneno ya kutia moyo aishie hapa.

Nilifika Malindi mwaka 1981, binti wa Kitui mwenye miaka ishirini na mitatu, na Kiswahili changu cha bara kiliwafanya wanafunzi wa kidato cha pili wainamishe vichwa ili wacheke vizuri. Siku ya kwanza nilipewa chaki sita, dasta isiyo na kitambaa, rula ya mbao ya mita moja iliyokatikia kwenye sentimita themanini na tisa, na kipindi cha namba tasa. Namba tasa, kwa aliyesahau, ni ile isiyogawanyika bila baki ila kwa moja na kwa yenyewe: mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja, na kuendelea.

Nami nikataka kujionyesha. Nikaandika ubaoni: chukua namba tasa za mwanzo kwa mpangilio, zizidishe, kisha ongeza moja. Mbili mara tatu, ongeza moja, unapata 7. Ukiingiza tano unapata 31. Ukiingiza saba, 211. Ukiingiza kumi na moja, 2,311. Zote ni tasa. Nikawageukia wanafunzi na kuwaambia, kwa sauti ya mtu aliyesoma, kwamba ukifanya hivyo utapata namba tasa siku zote.

Nyuma ya darasa alikuwa ameketi mkuu wa idara, Mwalimu Athumani, mtu wa Mambrui, umri wake yapata hamsini, kofia ya kushonwa kwa mkono kichwani na shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni. Alikuwa amekuja kunitazama nikifundisha. Alingoja wanafunzi watoke wote, akasimama, akakunja karatasi yake, ndipo akaniambia kwa upole kwamba niendelee mpaka kumi na tatu, halafu nigawanye kwa hamsini na tisa.

Nikafanya hivyo. Ukifika kumi na tatu unapata 30,031, na 30,031 ni 59 mara 509. Haina utasa wowote. Nilishinda siku mbili nimenuna. Siku ya tatu akanirudisha kwenye darasa lile lile nikawaambie mwenyewe kwamba niliwadanganya. Nilipotoka, akaniambia maneno niliyoyasikia kwake mara nyingi baadaye:

"Mtu akikwambia jambo ni kweli siku zote, mwanangu, muulize amelijaribu mpaka wapi."

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Chuo kilinipa cheti tu. Kwake nilijifunza kuandika ubaoni bila kuwapa wanafunzi mgongo, kutotaja jina la aliyekosea, na kutotumia raba. Raba alikuwa hazitaki kabisa. Akiiona kwenye dawati aliitia mfukoni, na mwisho wa muhula alikuwa na mfuko mzima wa raba za watu. Kosa, alisema, halifutwi. Unalikata kwa mstari mmoja mwembamba ili lisomeke, kisha unaandika upya chini yake. Daftari la mtu aliyefanya kazi kweli utaliona kwa mikato yake. Na badala ya kumwuliza mwanafunzi amepata nini, alimwuliza, "Umefika wapi?" Mwanafunzi angeweza kujibu bado, na bado lilikuwa jibu zuri kabisa kwake. Angevuta kiti akae naye.

Namba yenyewe niliijua katika mwaka wangu wa pili. Tulikuwa ofisini mwa walimu, saa ya chai, na mwalimu wa jiografia, mtu wa utani asiyechoka, akaniuliza kama nimeshatambulishwa kwa mke wa pili wa Athumani. Nikadhani ni habari ya kweli, nikaona haya. Mwalimu Athumani mwenyewe akacheka, akafungua kabati lake, akanionyesha madaftari ya miraba yamepangwa kutoka chini mpaka juu.

Alikuwa ameanza nikiwa bado sijui kuzidisha. Baada ya 30,031 aliendelea. Akaingiza kumi na saba, ikavunjika: 510,511 ni 19 mara 97 mara 277. Akaingiza kumi na tisa, ikavunjika. Ishirini na tatu, ikavunjika. Ishirini na tisa, ikavunjika kwa 331. Tano zilivunjika kwa mfululizo. Kisha akaingiza thelathini na moja, akapata hii:

200,560,490,131.

Hii haikuvunjika. Au tuseme bado. Namba tasa zote mpaka 31 hazina haja ya kujaribiwa, kwa sababu kila moja itabakisha moja, ndivyo namba ilivyotengenezwa. Akaanza na 37. Mstari wa kwanza wa daftari la kwanza ulisomeka hivi: 37, jawabu 5,420,553,787, baki 12. Akaenda 41, akaenda 43. Na mwisho wa safari ulijulikana. Kama namba ina kigawanyo, lazima kimoja kionekane kabla ya kufika kwenye kipeuo chake cha pili, nacho kinapita 447,839 kidogo tu. Ukifika hapo bila kupata baki sifuri, umemaliza, namba ni tasa. Lakini kati ya 37 na 447,839 kuna namba tasa zaidi ya elfu thelathini na saba, na kila moja ni kugawanya kwa mkono. Na namba tasa zenyewe hakuwa na kitabu chake. Alizichekecha mwenyewe kwanza, akikata zile zinazogawanyika, katika madaftari mengine, miaka mitatu.

Nilimwuliza kwa nini asiandike barua kwenye chuo kikuu akaulize. Akaniambia wapo wanaojua, bila shaka wapo. Lakini yeye hajui, na alitaka kujua kwa mkono wake. Tano zimevunjika, akasema, nataka kuona kama kuna itakayosimama.

Kazi yake ilikuwa na utaratibu. Hesabu ya kugawanya aliifanya nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani, akazitupa. Kwenye daftari aliandika mstari mmoja tu: kigawanyo, jawabu, baki. Kisha aliukagua kwa kutoa tisa. Unajumlisha tarakimu za namba kubwa, unapata 31, tatu na moja ni nne. Basi tarakimu za kigawanyo zikijumlishwa hivyo, zikazidishwa na za jawabu, ukaongeza za baki, lazima mwisho zije nne. Zisipokuja nne umekosea, unakata mstari, unaandika upya chini. Hata yeye, bingwa, alikuwa na mkato kila ukurasa.

Mwaka 1985 alimgonga mbuzi kwa baiskeli. Mbuzi alikuwa amesimama kando ya barabara ya Mambrui, mchana kweupe, wala si mdogo. Mwalimu hakumwona. Wiki iliyofuata alikosa ngazi ya ofisi. Akaenda kwa daktari wa macho Mombasa, akaambiwa ni presha ya macho, imekula pembeni, sasa inakuja katikati, na dawa itaichelewesha tu. Wakati huo alikuwa amefika karibu na laki tatu na elfu tisini. Aliniita kwenye dawati lake, akaniwekea mbele madaftari matatu mapya. Yeye angefanya mpaka laki nne na elfu thelathini. Kutoka hapo mpaka mwisho, namba tasa elfu moja na mia tatu na kitu, zangu. Miaka yote hakuwahi kumgawia mtu hata mstari mmoja. Mwalimu wa jiografia alipomwomba kwa utani mwaka fulani, alifunga kabati.

"Nataka niisome mwenyewe mpaka mwisho," akaniambia. "Macho yakishakwenda, nitasomewa. Kusomewa si kujua."

Nikapokea kwa mikono miwili. Na mia nne za mwanzo, haki ya Mungu, nilizifanya kweli. Alfajiri kabla ya shule nilifanya mbili, saa ya chai moja, jioni mbili. Kila moja dakika kumi, na ukichoka robo saa. Nilikata mistari, niliandika upya, vidole vilipata sugu.

Halafu nikajifungua mtoto wangu wa kwanza. Mume wangu alikuwa mpishi wa hoteli Kikambala, nyumbani anaonekana siku moja kwa juma. Mfumo mpya wa masomo ulikuwa umeingia, kila kitu kinaandikwa upya, vipindi vimeongezwa. Nawaeleza haya ili mjue hali ilivyokuwa, wala sijitetei. Wapo waliokuwa na shida kuliko mimi na hawakufanya nilichofanya. Asubuhi moja, mtoto analia, nilikuwa nimegawanya mara tatu kigawanyo kimoja na mara tatu hakikutoka nne. Nikatazama ule mstari. Nikabadilisha baki, nikaweka tarakimu nyingine, ikatoka nne. Nikaenda kazini.

Baada ya hapo ilikuwa rahisi, na urahisi wake ndio ulioniua. Jawabu nilikadiria, kwa sababu majawabu ya jirani hupishana kidogo tu. Baki niliweka lolote lililopungua kigawanyo na lililoleta nne. Mstari mmoja, dakika moja. Nikajiambia nitarudi kuzifanya likizo ya Agosti. Agosti ikaja nikaenda Kitui. Nikajiambia mtu amejaribu zaidi ya elfu thelathini na zote zimekataa, hizi mia tisa zitakubali vipi? Yaani nilirudi pale pale siku yangu ya kwanza, ubaoni, nikisema siku zote.

Mwisho wa 1986 nikampelekea madaftari matatu yamejaa. Alishika kioo cha kukuzia, akapitisha kurasa polepole, akifuata safu kwa kidole. La kwanza alilitazama muda mrefu. La pili na la tatu aliyapitisha kwa haraka zaidi. Kisha akayafunga, akayaweka moja juu ya jingine, akasawazisha pembe zake.

"Mkono wako umekuwa safi," akasema.

Nikasema ahsante, Mwalimu. Nikadhani amenisifu. Siku ya pili mkewe, Bi Zuhura, aliniletea mkate wa sinia mpaka shuleni, nami nikaula, nikawagawia na wenzangu.

Alimaliza sehemu yake mwezi wa tano mwaka uliofuata. Nakumbuka kwa sababu nilimsubiri atangaze. Nilikuwa na hofu ya kusikia na hamu ya kusikia. Alikuwa amefika laki nne na elfu thelathini, zangu anazo, basi kazi imekwisha, tasa. Hakutangaza. Mwalimu wa jiografia alimwuliza mke wa pili yu hali gani, akajibiwa hajambo. Niliona bado anakuja na kioo chake, bado anaandika, uso umekaribia karatasi mpaka pua inapata wino. Sikumwuliza anaandika nini. Nawaambia nyinyi kwa sababu siwezi kumwambia yeye: sikuuliza kwa kuwa nilijua.

Alistaafu mwaka ule. Sherehe yake ilikuwa soda na mandazi. Akabeba madaftari yake kwenye sanduku la bati, likafungwa kwenye baiskeli ambayo sasa aliisukuma tu.

Nilikaa zaidi ya mwaka bila kwenda Mambrui. Si mbali, ng'ambo ya mto Sabaki tu, watu wanakwenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Kila Jumamosi nilikuwa na nguo za kufua. Nilipokwenda hatimaye nilimkuta ameketi barazani, uso ameuelekeza njiani, haoni kitu. Nikasema shikamoo, Mwalimu. Akaitika marahaba, akanitambua kwa sauti, akauliza mtoto, akauliza mume, akauliza kama bado rula ya shule ni ile iliyokatika. Nikacheka. Bi Zuhura alitoka akanisalimu, akaleta chai ya tangawizi, akarudi ndani. Kisha akaniuliza.

"Namba yetu, Mumbua. Umefika wapi?"

Nilikuwa na maneno tayari. Niliyapanga tangu darajani. Lakini nilimtazama yale macho, nikaona nitamvunja, au ndivyo nilivyojiambia. Mtu amekwisha kupofuka, nimwambie nini? Nikasema nimefika mwisho, Mwalimu. Ni tasa.

"Umezipiga zote?"

"Nimezipiga zote."

Aligeuza kikombe mkononi. Akasema alhamdulillahi, kwa sauti ndogo, kisha akaniuliza kama mvua zimenyesha Kitui. Tukazungumza habari ya mvua mpaka nikaaga. Nikarudi Malindi nimetua mzigo, mjinga mimi, nikaona nimemtendea wema.

Alifariki mwaka 1989. Nilichelewa kupata habari, hitma ikanipita. Nilimkuta Bi Zuhura katika eda, ndani, amejifunga nguo nyeupe. Baada ya kulia na kunyamaza akasema kuna amana yangu, akanielekeza kwenye sanduku la bati. Juu ya yote kulikuwa na daftari ambalo sikuwa nalijua.

Nililifungua pale pale. Mstari wa kwanza ulikuwa kigawanyo ambacho nilikikumbuka, kile cha asubuhi ile mtoto analia. Alianza hapo hapo, wala si mmoja kabla wala mmoja baada. Madaftari yangu yalimwonyesha yenyewe, kwa sababu tangu mstari ule mpaka mwisho hapakuwa na mkato hata mmoja. Kosa moja lililokatwa lingenisitiri, na mimi sikuwa nalo. Akazirudia moja moja. Kurasa za mwanzo mwandiko wake ni ule ule. Kisha tarakimu zinakua. Kisha zinapanda mstari, zinateremka, mikato inaongezeka, mara mbili, mara tatu kwa kigawanyo kimoja, mpaka tarakimu moja inajaza miraba minne. Na mahali fulani zinakoma.

Baada ya hapo kulikuwa na safu moja tu, vigawanyo vitupu vilivyobaki, kimoja chini ya kingine, mpaka mwisho. Mwandiko haukuwa wake. Bi Zuhura aliniambia ni wake yeye. Mumewe alimtajia kutoka kwenye madaftari yangu aliyokwisha kuyahifadhi kichwani, naye akaandika. Safu ya jawabu na safu ya baki zilikuwa tupu. Nilihesabu. Mia mbili na kumi na moja. Juu kabisa, kwa mkono wake mwenyewe, kwa herufi zilizopishana, aliandika: Za Mumbua.

Nikamwuliza Bi Zuhura daftari hili liliandikwa lini hivi. Akasema kabla sijaja kuwatembelea.

"Siku ile ulipokuja alinambia nilitoe, nikae nalo ndani, ataniita nikuletee. Nikakaa nalo mapajani. Hakuniita. Ulipokwisha kwenda akanambia nilirudishe sandukuni."

Nikauliza alisema nini tena. Akasema aliomba maji, basi.

Zile mia mbili na kumi na moja nilizifanya muhula ule. Zina mikato kumi na minne. Hakuna hata moja iliyogawanya. Na mwaka jana, mmoja wenu aliyekuwa na simu mpya aliniambia nimtajie namba yoyote kubwa, nikamtajia hii, akaigonga, na kabla sijavaa miwani akaniambia ni tasa. Akashangaa kwa nini natoka nje.

Kwa hiyo nilimpa Mwalimu Athumani jawabu sahihi. Hilo ndilo linalonimaliza. Kama namba ingevunjika ningekuwa na uongo mmoja wa kuutubia, ningeushika, ningejua ukubwa wake. Sina hata huo. Namba imesimama, kila neno nililomwambia barazani kuhusu namba lilikuwa kweli, na yeye amekufa bila kuijua, kwa sababu aliyemwambia hakuwa ameijua. Macho yake ya mwisho aliyatumia kugawanya mistari yangu. Kama zile mia tisa ningezifanya, angefunga daftari mwezi wa tano akiwa anaona.

Miaka thelathini na zaidi nimewaandikia wanafunzi pembeni kwa wino mwekundu: onyesha njia. Mmeniona nikiandika. Sasa mnajua nilikuwa nikimwandikia nani.

Na lile swali lake la barazani nimelielewa kwa kuchelewa. Alijua nimefika wapi, alijua mpaka mstari. Daftari lilikuwa mapajani mwa mkewe, hatua nne kutoka nilipokaa, na kiti kilikuwa kimevutwa. Alikuwa ananingoja niseme bado.